Jina la Mwenye Mashine

Nyinyi vijana mlioajiriwa juzi pale karakana ya Daraja Mbili, mnaonipita sokoni mkisema "Sasa, Magokoro" bila hata kutoa vile vidude masikioni: vitoeni, msome. Magokoro ni nyanya kwa lugha yetu, na nyanya akizungumza mtu hutoa vidude masikioni.

Kerubo ndiye aliyeniomba niandike. Anasema kila mwaka anapokea wapya na kila mwaka anarudia mambo yale yale mpaka koo linakauka. Nikamwambia mimi shule niliiacha nikiwa darasa la nne, mwandiko wangu ni kama kuku amepita kwenye matope. Akasema, "Wewe andika, mimi nitasoma kuku." Basi naandika. Naandika Kiswahili kwa sababu karakana haina Wagusii pekee, na sitaki fundi wetu Swaleh aseme nilimsengenya kwa lugha asiyoielewa.

Mimi niliingia pale kufagia. Kufagia na kupika chai. Wakati ule mafundi wote walikuwa nje, kila mmoja na baiskeli yake na mfuko wa spana, na simu ya mezani ikilia hakuna wa kuishika. Siku moja nikaishika. Mtu upande wa pili akasema pampu yake ya maji inatoa moshi. Nikamwuliza pampu ni ya rangi gani, iko wapi, nani aliitengeneza mwisho. Nikamweleza Mzee Ondari aliporudi. Akaniangalia, akasema, "Kumbe wewe unajua kuuliza." Toka siku hiyo ufagio nikaushika asubuhi tu. Mchana nilishika simu, hata wakanipa meza na kiti chenye mto.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe.

Mteja akipiga simu, mnafungua kadi ya kazi kwenye programu. Mnaandika jina, mahali, shida. Halafu wengi wenu mnabonyeza kuhifadhi, mnarudi kwenye simu zenu kuchekacheka. Hapana. Pale chini ya jina la mteja kuna mahali pa kuongeza mashine. Bonyeza hapo. Zitatokea mashine zote za huyo mteja tulizowahi kumwekea au kumtengenezea: friji yake, pampu yake, mashine yake ya kukatia ng'ombe majani. Chagua inayougua. Ikiwa ni mbili zinaugua, chagua mbili. Ndipo uhifadhi. Fundi akifungua simu yake kule alikotumwa, ataona mashine yenyewe, iliwekwa lini, nani aliifungua, alibadilisha nini, na picha za ndani kama zipo. Usipoongeza mashine, umemtuma mtu kwenye boma la watu na jina mkononi. Jina haliwezi kutengenezwa kwa spana.

Mnacheka? Fundi wetu mmoja, simtaji kwa sababu sasa ana wajukuu, alitumwa Nyamira kwa mwalimu mmoja mwenye wake wawili. Kadi ilisema: "Friji haigandishi." Hiyo tu. Boma lile lilikuwa na friji mbili, kila mke na yake. Fundi akaingia nyumba ya kwanza aliyoikuta wazi, mwenyewe yuko shambani, akaifungua friji, akatoa gesi, akasafisha, akafunga vizuri kabisa. Anakusanya vifaa, mke wa pili akasimama mlangoni na mwiko.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Umemaliza ya nani?"

"Ya hapa."

"Ya hapa ilikuwa nzima. Yangu ndiyo mgonjwa. Kwa hiyo hata fundi siku hizi anaanzia kwa mke mkubwa?"

Tuliletewa kesi hiyo na mwalimu mwenyewe. Alikuja karakana amevaa tai, akakaa kwenye kiti changu, akasema yeye hana ugomvi na sisi, ila tafadhali tuje tutengeneze ile nyingine leo leo, kwa sababu nyumbani hakulaliki. Wakati ule kadi zilikuwa za karatasi. Siku hizi mna programu na bado naona mtu anatuma kadi bila mashine. Aibu.

Mzee Ondari ndiye aliyenifundisha. Alikuwa fundi mkubwa pale, mtu wa maneno machache, Msabato wa kweli kweli, Ijumaa jua likianza kuinama hata ungemletea ndege iliyoharibika angekwambia urudi Jumapili. Kila mashine aliyoitengeneza alikwaruza nambari yake kwa msumari, nyuma, mahali ambapo mkono wa kuosha haufiki. Alisema stika ni ya wauzaji, msumari ni wa mafundi. Mnaona siku hizi nawaambia mbandike stika ndani ya mlango na si mbele? Hiyo imetoka kwake.

Programu ilipokuja, Mzee Ondari hakuitaka. Kerubo alikuwa ametoka chuoni, mdogo, mwembamba, na kompyuta yake begani kama mama aliyebeba mtoto. Akamwomba Mzee amwelezee mashine alizofungua, aziingize. Mzee akasema, "Mimi mashine naijua kwa sauti yake."

Kerubo hakubishana. Akamwuliza tu, kwa upole, "Na ukistaafu, Baba, hiyo sauti utamwachia nani?"

Mzee alikunywa chai yake yote. Lakini wiki iliyofuata nikaona anaazima simu ya Kerubo kila anapotoka. Akifungua mashine, anapiga picha ndani, waya baada ya waya, na kwa kuwa hakujua kuishika simu, kila picha ilitokea na kidole gumba chake pembeni, kile chenye ukucha uliopinda. Jioni anakaa na Kerubo, anamwambia hii ni ya fulani, waya huu nimeupitisha hapa kwa sababu hii. Kerubo anaandika. Nilikuwa nawapelekea chai, nawaona vichwa vimekaribiana, kimoja cheupe kwa mvi, kimoja cha kusukwa. Alifanya hivyo mpaka miguu ikakataa. Tulimzika kwao Kitutu, na karakana ilifungwa siku hiyo.

Sasa nawaambia habari ya Nyanchama, kwa sababu kila mtu pale karakana anaijua nusu, na nusu hiyo anaisema vibaya.

Nyanchama ameolewa Itumbe, kule kwenye majani chai. Mume wake aliugua, akafa, akamwacha na watoto wadogo. Baba mkwe wake ni Mzee Nyamweya, mkulima wa chai, mtu wa haki. Ana wana wawili, huyo marehemu na mkubwa anayekaa Marani. Baada ya matanga kuna watu walianza kusema mjane arudi kwao, ataweza nini peke yake. Mzee alikuja kwetu akaagiza inkubeta mbili, zile mashine za kuangulia vifaranga. Moja ya mke wa mwanawe wa Marani, moja ya Nyanchama. Zote sawa, asije mtu akanuna. Na kwa kuwa kule stima hupotea kama mtu mwenye madeni, akamwambia Mzee Ondari aziwekee betri. Mzee Ondari akaweka ya Marani kwanza. Ya Itumbe akaiweka baadaye, kwa namna nyingine, maana alikuwa amefikiria njia bora zaidi. Akapiga picha zote mbili, na kidole.

Zote zikaandikwa jina la Mzee Nyamweya. Ndiye aliyenunua. Hatukuona ubaya.

Nyanchama akaanza na mayai yake machache. Yakaangua. Halafu wanawake wa kanisani wakaleta yao, majirani wakaleta, mpaka akaijaza mashine yote. Hata wale waliosema arudi kwao walileta mayai. Zikabaki siku chache vifaranga watoke, asubuhi ya Ijumaa moja mashine ikaacha kutoa joto. Stima ipo, betri ipo, taa inawaka, joto hakuna. Akapiga simu.

Kerubo ndiye aliyeshika. Mimi nilikuwa nimeteremka sokoni kununua ndizi. Kwa hiyo haya ya mwanzo nayasema kama nilivyoyasikia, na Kerubo atayasoma na anajua ni kweli.

"Mashine iko kwa jina la nani, mama?"

Kimya.

"Haloo? Uko?"

"Niko."

"Nauliza jina la mwenye mashine. La aliyenunua."

Kimya tena. Halafu, "Andika Nyanchama tu."

Kerubo akatafuta Nyanchama. Hayupo. Kwenye meza kuna watu wamejipanga, mmoja ameleta injini ya pikipiki ndani ya gunia inachuruza mafuta sakafuni. Akafungua mteja mpya, akaandika Nyanchama, Itumbe, inkubeta haitoi joto. Mashine ya kuongeza haikuwepo, mteja mpya hana mashine. Akampa Swaleh thamostati ya kawaida ya kudhibiti joto, ile ya inkubeta zote nyeupe za aina hiyo, Swaleh akapanda pikipiki akaenda.

Nilirudi na ndizi zangu nikakuta simu inaongea kwa sauti juu ya meza.

"Kerubo, nani aliifungua hii mashine?" Ni Swaleh. "Waya zimepita huku na huku kama matumbo ya mbuzi! Nilichobeba hakiingii."

"Nisomee stika."

"Stika imeoshwa mpaka imebaki karatasi nyeupe."

"Nambari ya msumari nyuma?"

"Nyuma iko ukutani, imebeba mayai, siwezi kuivuta, yatagongana."

"Basi jina la mwenye mashine. Nimpate kwenye programu."

"Nimemwuliza. Anaangalia chini. Nikamwambia, dada, kwani mashine ni ya wizi? Sasa analia."

Nikaweka ndizi chini, nikamnyang'anya Kerubo simu.

"Swaleh! Umemwambia nini mtoto wa watu?"

"Nyanya, wallahi mimi nimeuliza jina tu!"

"Aliyenunua ni nani kwake?"

"Amesema ni mzee wa hapa nyumbani."

"Ni baba mkwe wake. Hataji."

"Hataji vipi? Jina si jina?"

"Kwenu. Kwetu hapana."

Swaleh ni mtoto wa mjini, babake ana duka la vitambaa, wazazi wake walikuja Kisii kutoka pande mbalimbali. Hakujua, simlaumu. Na Kerubo ni Mgusii, lakini alikulia Nairobi, mama yake huita wakwe kwa majina kama majirani. Kwa hiyo nawaeleza na nyinyi. Kwetu mke hamtaji baba wala mama wa mume wake kwa jina. Anasema mzee, au baba wa fulani, mama wa fulani. Na huyo mzee naye haingii nyumba ya mwanawe, wala hampi mkaza mwana mkono. Ni heshima, tunaiita chinsoni. Si chuki. Ukiona mzee amesimama mbali na mlango wa mwanawe, akimwita mjukuu amletee maji, usifikiri hawapendani. Pengine hapo ndipo wanapopendana sana.

Lakini angalieni sasa ilivyokaa siku ile. Mwenye jina haingii mashine ilipo. Aliye na mashine hatamki jina. Na programu inataka vyote viwili.

"Mpe simu huyo mama," nikamwambia Swaleh.

Akaja. Sauti ndogo. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Futa machozi, machozi hayapashi mayai joto. Mayai yamepoa?"

"Bado yana joto kidogo. Mama, mengi si yangu. Haya yakifa mimi sina uso wa kukaa boma hili. Watasema, si tulisema?"

"Hayajafa. Una maji motoni?"

"Ninayo."

"Tia kwenye chupa, zifunge na leso, zipange katikati ya mayai humo humo ndani. Funika mashine na blanketi. Kisha chukua yai moja, liweke kwenye kope la jicho ukiwa umefumba. Likikuchoma, toa chupa moja. Likiwa baridi, ongeza. Ukiona hulihisi, si moto si baridi, hapo ndipo penyewe."

"Kwenye jicho?"

"Mama yangu hakuwa na thamostati na alikuwa na kuku. Fanya."

Nikamsikia anaita jirani amletee chupa. Nikangoja. Kisha nikamwuliza mzee wa boma yuko wapi.

"Amerudi sasa hivi kutoka kupeleka majani chai kwenye banda la kununulia. Ndiye huyo ameketi nje kwenye gogo."

"Swaleh, toka nje na simu. Msalimie vizuri."

Alisalimia vizuri, hilo namsifu. Mzee akaishika simu akaongea kama mtu anayemwita mtu ng'ambo ya mto. "KARAKANA! NI MIMI NYAMWEYA!"

Kerubo hata hakungoja, vidole vyake vilishaanza kukimbia. "Nimempata, Magokoro. Ana inkubeta mbili. Aina moja, zote zina betri. Ni ipi?"

Nikamwuliza mzee, "Baba, katika zile mashine mbili, iliyo hapo ni ipi?"

"Ya huyo mama."

"Ya huyo mama ikoje ndani?"

"Mimi nitajuaje? Moja ilikwenda Marani, moja iliingia mle. Tangu iingie sijaiona."

Swaleh akadakia, "Mzee, si uingie mara moja tu uangalie?"

Mzee akamgeukia. "Kijana, wewe ni wa wapi?"

"Wa hapa mjini, Mzee."

"Aa. Basi simama hapo dirishani."

Akasimama dirishani, simu mkononi, mzee upande wa nje, Nyanchama upande wa ndani na yai kwenye jicho. Kerubo akafungua picha za mashine zote mbili. Nami nikainama kuangalia. Nawaambia ukweli, sikuangalia waya. Niliona kile kidole gumba pembeni, na ukucha wake uliopinda, katika picha ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Kerubo naye alikiona. Akavuta pumzi, akajifuta pua kwa mkono kama mtoto, akaendelea.

"Moja ina taa ndogo nyekundu juu ya betri," akasema. "Nyingine ya kijani."

Swaleh akauliza kupitia dirisha. Nyanchama akajibu kutoka ndani, na safari hii sauti ilikuwa ya mtu anayejua anachokisema. "Nyekundu. Iko upande wa mlango. Nilikuwa nimesimama hapo Mzee Ondari akiiweka, nikamshikia tochi. Aliniambia ikizimika nimpigie."

Tulisikia sote. Lakini Mzee Nyamweya naye akaisogelea simu akatutangazia: "AMESEMA NYEKUNDU!"

Kerubo akaifungua ile kadi ya kazi, akamwondoa mteja mpya, akaongeza mashine ya taa nyekundu. Mara hiyo hiyo simu ya Swaleh ikalia mkononi mwake. Akaona picha zote, na maneno ya Mzee Ondari chini yake, waya wa bluu unakwenda wapi na kwa nini, na thamostati gani inaingia, ile ya betri, si ya kawaida. Moja ilikuwepo stoo. Tukaifunga kwenye gazeti, tukampa mtu wa boda, nami nikamwambia akisimama njiani kununua mahindi nitajua.

Tulipokuwa tunangoja, mzee aliichukua tena simu. Aliniuliza kwa sauti ya chini sasa, sauti ya kawaida.

"Mama, hiyo mashine mmeiandika jina langu?"

"Ndiyo, Baba. Wewe ndiye uliyenunua."

"Na ndiyo sababu huyo mtoto alikuwa analia?"

"Ndiyo sababu."

Nikasikia anapumua. "Itoe. Andika lake."

Kerubo akaninong'oneza kwamba kuna utaratibu wa kuhamisha mashine kwa mteja mwingine, mwenyewe aje asaini. Mzee alisikia. "Binti, nani anaamka kugeuza mayai? Mimi? Nitakuja nisaini Jumapili. Wewe andika. Mtu asimwulize tena jina la mtu mwingine kwa mashine yake."

Kerubo akamwomba Nyanchama jina lake kamili. Akalitaja lote, la ubatizo na la babake na la mumewe marehemu, kwa sauti, dirishani, na baba mkwe wake amesimama pale pale anasikiliza.

Swaleh alimaliza jua likiwa bado liko juu ya mashamba. Mashine ikaanza kupata joto. Halafu alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza, na ndiyo maana huwa nampa andazi kubwa. Aliipiga picha mashine ikiwa wazi, mayai yamepangwa safu safu, aiweke kwenye kadi kama tulivyomfundisha. Kabla ya kuituma akatoka nje akampelekea mzee. Anasema mzee aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza, akaileta karibu. Ndiyo mara yake ya kwanza kuiona ile mashine aliyoinunua ikifanya kazi.

"Yote hayo?" akauliza.

"Yote, Mzee."

"Na nguvu zinamtosha?"

"Anayaweza, Mzee. Mimi mwenyewe nimeona."

Mayai mengine hayakuangua. Mengi yaliangua. Nilikwenda Itumbe mimi mwenyewe kuona, nikisingizia nakwenda kukagua kazi ya Swaleh. Nikamkuta Nyanchama anatoka ndani amebeba katoni inayolia piiipiiipii. Akaiweka katikati ya uwanja, akarudi nyuma mpaka mlangoni kwake. Ndipo mzee akainuka kwenye gogo, akaja, akachuchumaa. Akamtoa kifaranga mmoja akamweka ndani ya kofia yake, akamwangalia. Mimi nikaanza kuangalia majani chai ya watu, maana macho yalikuwa yananiwasha.

Toka siku hiyo tulibadilisha namna ya kuuliza, na ndiyo mnayofundishwa sasa bila kuambiwa imetoka wapi. Usianze na "jina la mwenye mashine." Anza na nambari ya simu. Kisha uliza mashine iko nyumba gani na nani anaitumia. Ukisikia kimya, usirudie swali kwa sauti kubwa kama unamwita ng'ombe. Kimya cha mtu wa kwetu kina sababu, badilisha swali. Mashine ikihama boma, ihamishe na kwenye programu siku hiyo hiyo. Zinahama sana, mashine za kukata majani zinatembea kwa mashemeji kuliko sisi. Na picha pigeni, hata kidole kikitokea. Msikifute.

Jioni ile niliporudi kutoka Itumbe niliwaita wa nyumbani mwangu wote. Wanangu wawili, Peterson na Dani, na wake zao. Wakafikiri kuna msiba. Nikawaambia wakae.

Tuna mashine yetu ya kukatia ng'ombe majani. Iko kwa Dani, mke wake Bosibori ndiye anayeitumia kila asubuhi, na imeandikwa jina langu. Nikamwuliza, "Bosibori, hii mashine ikikuharibikia hapo na mimi sipo, utapigia karakana simu useme ni ya nani?"

Akaangalia miguu yake. "Ya Mama Moraa." Ndiye mimi, ndivyo anavyoniita.

"Mama Moraa wako wangapi mlima huu?"

Peterson akacheka. Nikamwangalia, akaacha.

"Wengi, Mama," akasema Bosibori.

Basi nikatoa amri. Nikamwambia Dani mashine hiyo iandikwe jina la mke wake kesho, kabla sijamaliza kunywa chai. Halafu nikawaambia wale wasichana wawili, wake wa wanangu, ambao miaka yote hii hawajawahi kunitaja, heshima yao nimeiona na nimeshiba. Lakini siku nitakapoanguka hapa sakafuni na nyinyi ndio mko nami, mtapiga simu hospitali, na mtu wa huko atauliza jina la mgonjwa, na sitaki mtu wa nyumba hii aangalie chini. Naitwa Teresia Kwamboka. Hakuna atakayegusa chakula mpaka nisikie. Haya, Bosibori, anza wewe. Inua kichwa. Litaje.